Daftari la Bi Tatu

Nilikuwa karani wa meza ya pili
shuleni Mchikichini, mwaka ule wa kura tatu:
moja ya Mzungu, moja ya Mhindi, moja ya Mwafrika,
na usipozipiga zote, hujapiga hata moja.
Kazi yangu kukausha wino,
na kumtafsiria Bwana Pembatoni
Kiswahili alichokuwa akikielewa vizuri.

Pauni mia na hamsini kwa mwaka.
Au cheti cha shule ambayo hawakutujengea.
Kuli wa bandari alifika mlangoni, akaulizwa mshahara,
akacheka mwenyewe kabla ya kujibu,
akageuka.

Saa nne akaingia Valji na wanawe watatu,
kitabu cha duka kwapani, kimeandikwa Kigujarati.
Bwana alifunua kurasa mbili
kama mtu anayejipepea.
Bwana hakujua Kigujarati hata cha kununulia chumvi.
"Sawa," akasema. Mihuri minne.
Sina ugomvi na Valji. Alisalimia kila mtu.

Kisha Tatu binti Mwinyikondo,
wa mtaa wa Sikukuu, mwenye nyumba ya vyumba sita,
muuza vitumbua, unga bado uko kwenye kucha,
miwani imefungwa uzi mweusi sikio la kushoto.
Naye alikuwa na daftari.
Alilifungua kulia kwenda kushoto,
herufi za chuoni, safi, zimekaa kwenye mistari
kama watoto waliogeshwa.

Bwana aliligeuza juu chini.
Aliligeuza tena.
"Hii nini? Dua?"
Wa meza ya kwanza akacheka. Nikacheka na mimi,
kidogo, cheko la mwajiriwa.

"Hesabu, bwana," alisema. "Kodi za vyumba.
Vitumbua. Faida shilingi tisa kutwa, mvua ikinyesha saba.
Huyu kijana anasoma, alisoma chuo na mwanangu.
Mwulize."

Bwana akanitazama.
Nikalitazama daftari, na jicho,
jicho halina adabu, likaangukia mstari wa nne toka chini:
*Karani wa Mchikichini, vitumbua sita na chai,
senti themanini. Atalipa mwisho wa mwezi.*

Nikasema, "Siwezi kusoma vizuri, bwana."

Feni iligonga, ikagonga.
Bi Tatu alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya kanga,
akaivaa tena ili anione.
Hakupandisha sauti. Alisema kama mtu anayehesabu chenji:

"Jina langu ndilo Tatu, na kura zenu ni tatu,
Nauza kwa kila mtu, wala simwibii mtu,
Leo mwasema si kitu, nimekosa hata utu,
Andika basi, mwanetu, kwamba nilifika hapa."

Kwenye fomu hapakuwa na nafasi ya neno hilo.
Palikuwa na *Amekubaliwa*, palikuwa na *Amekataliwa*.
Muhuri ulianguka. Nilikausha wino
vizuri sana. Nilikausha mpaka karatasi ikachanika pembe.

Jioni nilikwenda Sikukuu na senti themanini,
nimezifumbata, zimelowa jasho.
Alizipokea. Alilifungua daftari barazani,
akapiga mstari juu ya jina langu.
"Hili limekwisha," akasema.
"Lile la asubuhi sijui utalilipia duka gani."
Akaendelea kukoroga unga.

Siku ya kura nilipiga. Bwana aliniandikia barua.
Nilipiga zote tatu, penseli ya kamba,
na nilipotoka nje jua lilikuwa lilelile,
foleni fupi, fupi mno kwa mji mkubwa namna ile,
na upande wa pili wa barabara
watu wamesimama wanatutazama, hawasemi kitu.

Nimechelewa, na wino wenyewe ni wa kununua.
Lakini andiko hili halina muhuri, wala bwana wa kuligeuza:

Tatu binti Mwinyikondo, mtaa wa Sikukuu.
Saa nne na robo asubuhi.
Alifika.
Nilikuwepo. Nilijua kusoma.